Maji ya Kilima Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa ofisi ya maji ya Butembo hakunipa kiti. Alinipa ndoo na saa ya mkono. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa hata katika matope ya barabara zetu. Aliipokea diploma yangu, akaiweka kando bila kuisoma, akanionyesha bonde kupitia dirishani.

"Donc, wewe njo mupya," alisema. "Shuka kule ku chemchemi. Uniletee habari: inatoa maji kiasi gani?"

Nilishuka. Akina mama walikuwa wamepanga bidoni zao, yale madumu ya njano, wakingoja zamu, nao hawakuninyima maneno. Nilipopanda tena ofisini nilikuwa na habari za kujaza asubuhi nzima.

"Chef, banasema maji ilikuwaka mingi zamani..."

Alinyanyua kidole. "Nani anasema?"

"Batu, Chef."

"Banasema! Kila siku Banasema! Miye niko hapa tangu zamani, bado sijaona Monsieur Banasema ku liste ya ba-agents. Iko na mushahara? Rudi chini, petit. Ndoo njo itasema."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya hadi nywele zangu zilipokuwa nyeupe. Kupima chemchemi kwa ndoo na saa ni jambo rahisi, na kwa sababu ni rahisi wengi hulifanya vibaya. Unaelekeza maji yote katika bomba moja, pasipo tone kupita pembeni. Unaweka ndoo ambayo ujazo wake unaujua kwa hakika, unahesabu sekunde hadi ijae, kisha unarudia hadi majibu yakubaliane. Unachopata kinaitwa débit, yaani wingi wa maji yanayopita kwa muda fulani. Mtu akikuambia kwamba chemchemi imepungua bila kutaja débit ya jana na ya leo, amekueleza hali ya moyo wake. Hali ya chemchemi bado hujaijua.

Wakati huo ofisi yetu iligawanyika sehemu mbili. Sehemu moja ilishughulikia maji ya juu, yaani mito, vijito na chemchemi zilizojengewa. Nyingine ilishughulikia maji ya chini, yaani visima na forage, ambazo ni mashimo membamba marefu yanayotobolewa kwa mashine hadi kwenye tabaka la mwamba au changarawe lenye maji. Kila sehemu ilikuwa na mlango wake, mkuu wake na wivu wake. Nimewahi kuona watu wa maji ya juu wakijenga chemchemi upande mmoja wa kilima, huku watu wa maji ya chini wakitoboa upande wa pili, na hakuna aliyempa mwenzake salamu. Maji ya kilima hayakuwa na habari ya milango yetu.

Aliyenifundisha jambo hilo alikuwa mkuu wangu wa pili, huko Beni. Nilihamishiwa huko nikiwa bado kijana, chini ya mhandisi mwanamke aliyetumwa kutoka Kinshasa. Wote walimwita Madame l'Ingénieur. Alisema Kiswahili chetu kwa kukivunja, akijaza mapengo kwa Lingala, lakini macho yake hayakuvunja kitu. Siku moja tuliitwa Mangina na mnunuzi mmoja wa kakao, mtu mnene mwenye bohari kubwa kando ya bonde. Kisima chake kilikuwa kimeanza kutoa maji yenye uchachu, naye alikuwa na hakika kwamba jirani amekitia sumu.

Madame alizunguka bohari polepole. Nyuma yake kulikuwa na masanduku ambamo mbegu za kakao huchachushwa kabla ya kuanikwa, na majimaji yake meusi yalitiririka hadi katika kijito.

"Patron," alisema, "hii jus inaenda wapi?"

"Ku kijito, Madame. Mais kijito ni ya État, ya serikali. Kisima ni yangu, maji yake inatoka chini sana, mu mawe."

Madame alichota maji ya kisima, akampa kikombe. "Onja. Kwetu Kinshasa hii banaiuzaka mu duka. Inaitwa chokola."

Wafanyakazi walicheka, na yule bwana alikasirika. Hata hivyo alikubali kufanya alichoagizwa: kuchimba shimo la taka mbali na bonde, kulisakafia, na kumwaga majimaji ya kakao humo tu. Kitu kingine chochote asikibadilishe, hata ndoo ya kisimani. Tuliporudi baada ya mvua kadhaa, uchachu ulikuwa umekwisha. Kijito kilikuwa kinapenya mchangani na kukilisha kisima, na kisima kilikuwa kinakunywa chochote kijito kilichopewa.

Njiani kurudi Beni, ndani ya gari, Madame aliniambia maneno niliyoyabeba maisha yangu yote. "Yoka, sikiliza, mwana. Simamisha kitu moja tu, ingine yote uache vile iko. Halafu uangalie. Ukibadilisha mbili, hautajua kamwe."

Nasema haya kwa urefu kwa sababu sehemu inayofuata haieleweki bila hayo. Nilirudi Butembo nikiwa mtaalamu mwandamizi wa sekta ya Lubero kaskazini, na baada ya miaka mingi ya kazi ya kawaida likaja shauri la Kyamaghetse.

Kyamaghetse ni chemchemi iliyo ubavuni mwa kilima upande wa Musienene. Familia za kijiji kilicho chini yake zilikunywa hapo tangu babu zao, na maji yaliyobaki yalishuka kuwa kijito kinachopita katikati ya mashamba ya maharage na viazi. Juu, karibu na kilele, kuna kituo cha afya chenye maternité, yaani wodi ya kujifungulia. Watu waliokimbia vita kutoka upande wa Eringeti walipojaa katika vijiji vyetu, maternité ilielemewa, na mradi mmoja ukatoboa forage uani kwake, ukaweka pampu inayoendeshwa na mabamba ya jua. Watu wa mradi walipima forage, wakaridhika, wakaondoka. Chemchemi hawakuishukia. Haikuwa katika kazi waliyoagizwa.

Kiangazi kilichofuata, Kyamaghetse ilianza kudhoofika.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa mtu wa Équateur, mwema, mcheshi, aliyependa amani kuliko ukweli. Aliniita ofisini kwake na kufunga mlango.

"Vieux, funga ile forage, basi. Ba-jeunes ya kule balishaapa. Soko ya Musienene ikifika, batapanda na mawe, batavunja ma-plaque yote. Miye sitaki mambo."

"Chef, tukifunga, maternité nayo inafungwa. Banamuke batazalia wapi?"

"Mais populo yote inasema ni pampu! Banasema..."

"Chef," nilimkatiza kwa heshima, "Banasema ni nani?"

Alinitazama, akacheka bila kutaka. "Bon. Uende. Mais soko ikifika kama hauna jibu, nafunga."

Ninataka msomaji aelewe kilichokuwa mezani. Chini walikuwa watu ambao chemchemi yao ilikuwa inakufa. Juu walikuwa wanawake wanaojifungua, wengi wao wageni wasio na kwao. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na katikati yalikuwamo mawe ambayo vijana walikwisha kuyakusanya. Niliyaona kwa macho yangu kando ya njia, yamepangwa vizuri kama ya kujengea.

Mwenyekiti wa kamati ya chemchemi alikuwa Mama Kanyere, mjane mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya bonde bila juhudi. Alinipokea amesimama mbele ya bomba, mikono kiunoni.

"Wavukire, Tata Ingénieur. Umekuja kutazama maiti?"

"Nimekuja kupima, Mama."

"Kupima nini? Hauna macho? Asubui jua inapanda, mashine ya Masoeur inaanza kuguna, maji inashuka. Magaribi mashine inanyamaza. Tukiamuka, maji imerudi. Unataka ushahidi gani tena, ya Papa wa Roma?"

Vijana walimshangilia. Nami nakiri kwamba ilikuwa hoja nzuri kuliko nyingi nilizozisikia katika ofisi. Mama huyu hakuleta uvumi. Alileta jambo aliloliona mwenyewe, mara nyingi, kwa saa maalumu. Nilipima siku ile kutwa nzima, nikakuta amesema kweli: débit ilikuwa juu asubuhi, ikashuka alasiri. Hata hivyo kuona si kuthibitisha. Pampu ile iliamka na jua na kulala na jua. Kitu kingine chochote kinachoishi kwa jua kingeweza kuacha alama ile ile. Ilibidi kusimamisha kitu kimoja.

Nilipanda hadi maternité. Muuguzi titulaire, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mtawa kutoka upande wa Bukavu ambaye wote walimwita Masoeur, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu. Alinisikiliza huku akikunja mashuka.

"Tata, unataka nizime pampu? Nitazalisha na nini, na mate?"

"Maji itakuja, Masoeur."

"Italetwa na nani, malaika?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Nilishuka tena kijijini, nikaitisha watu wote, nikasema kwa ukali ambao sijutii hadi leo. Ofisi itaisimamisha pampu. Ufunguo wa chumba chake utakaa kwa Mama Kanyere ili asiwepo wa kusema kwamba inawashwa kwa siri. Lakini wakati wote pampu itakapolala, maji ya maternité yatachotwa katika kijito, yatachemshwa, na yatapandishwa na wale wanaoishitaki.

"Sisi?" aliuliza Mama Kanyere.

"Ninyi. Mwenye kushitaki abebe."

Kijana mmoja wa nyuma alinong'ona kwamba yeye ana mgongo mbovu, na mwingine akamwambia, "Mugongo mubaya, mais mawe ulibeba muzuri!" Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho shauri likapita. Walilifanya kuwa salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Vijana walisukuma bidoni kwa chukudu, zile baiskeli za mbao, hadi mahali njia inaposimama kama ukuta. Kutoka hapo zilikuwa za mgongoni.

Kila asubuhi, adhuhuri na jioni nilipima mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa chemchemi, mmoja wa maternité. Nilimtaka kila mmoja ashike saa yake mwenyewe. Katika forage nilishusha sonde, ambayo ni utepe wa kupimia wenye ncha inayolia inapogusa maji, ili tujue kina yanapoanzia. Wakati huo Mama Kanyere alipanda na kushuka na bidoni kama wengine, ingawa umri wake ungemruhusu kutuma mtu.

Asubuhi moja nilikuwa uani nikifunga sonde alipofika akihema na kutua mzigo wake mlangoni. Ndani, mwanamke mmoja wa Eringeti alikuwa amejifungua muda mfupi uliopita.

"Mama, wasingya," Masoeur alimshukuru. "Lete ingine."

"Ingine? Ile ya mbele iko wapi?"

"Ilikwisha."

"Ilikwisha! Mutoto moja anakunywa namna hii, ni ng'ombe?"

"Hakunywi, Mama. Anaoshwa. Mama yake anaoshwa, kitanda, mashuka, mikono yangu. Na kule nyuma ya pazia kuko mwengine anasukuma."

Kutoka nyuma ya pazia tulimsikia. Mama Kanyere alisimama kidogo, akageuka, akashuka. Alirudi na bidoni nyingine, kisha nyingine tena. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema "mashine ya Masoeur." Alisema "ile pampu."

Sasa nieleze matokeo. Katika forage, maji yalipanda siku baada ya siku. Katika chemchemi, débit ya asubuhi ilipanda pia, polepole, nyuma ya forage. Kwa hiyo Mama Kanyere alikuwa sahihi: pampu ilikuwa inaila chemchemi. Tabaka lililolisha forage juu ndilo lililotoka nje kule chini. Lakini pampu ikiwa imelala, ufunguo ukiwa umefungwa katika kitambaa cha Mama Kanyere, débit iliendelea kushuka kila alasiri na kurudi kila asubuhi.

"Masoeur anawasha ku siri!" alifoka kijana mmoja.

Mama Kanyere alimgeukia. "Na ufunguo gani, mujinga? Uko hapa mu kitambaa yangu, nalala nayo!"

Kisha ikaja siku ya ukungu, kama tunavyoijua sisi watu wa milimani, ambapo jua halionekani tangu asubuhi hadi jioni. Siku ile débit haikushuka kabisa. Mashahidi wangu walitazamana. Mimi nilinyanyua macho juu ya bomba, nikaangalia kile ambacho sote tulikuwa tumekitazama kila siku bila kukihoji.

Chemchemi ya Kyamaghetse ilizungukwa na pete ya mikaratusi. Kwetu mkaratusi ni heshima. Mtu akitaka kutangaza kwamba mahali hapa pana mwenyewe, hupanda mikaratusi mpakani. Mtoto akizaliwa, baba hupanda kwa ajili ya mbao za nyumba yake. Basi wazee wetu, walipotaka kuipa chemchemi ulinzi, waliipa kile walichokithamini kuliko vyote, tena waliipanda miguuni pa maji, mahali palipo na unyevu. Miti ile ilikuwa imenenepa kweli kweli. Mti hunywa kwa jua: majani yanapopata mwanga hutoa mvuke, na mizizi huvuta maji kujaza pengo. Usiku hupumzika. Siku ya ukungu hunywa kidogo sana. Mlinzi na pampu walikuwa na saa moja ya kazi.

Waliopanda ile pete walikuwa watu wa salongo, na aliyewaongoza alikuwa marehemu mume wa Mama Kanyere. Nililijua hilo kabla ya kusema. Nilisema hata hivyo, mbele ya mkutano, siku moja kabla ya soko. Mkuu wangu alikuwapo, na Masoeur alikuwapo. Nilieleza vipimo kimoja kimoja, na mashahidi wa pande zote mbili wakavithibitisha. Kisha nikasema kwamba kuna walaji wawili, na kwamba kumfukuza mmoja tu hakutaiponya chemchemi.

Mama Kanyere alisimama.

"Tata Ingénieur. Bwana yangu alipanda ile miti na mikono yake. Alishakufa. Sasa unataka nimuzike mara ya pili?"

Nilimwambia ninachokijua. "Mama, alipanda juu ya kulinda maji. Kama angeona vipimo hivi, angefanya nini?"

Mkuu wangu alianza kusema jambo la kutuliza, nikamgusa mkono. Mwishowe mama yule alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa ufunguo wa pampu, akaunyanyua ili wote wauone.

"Miti ya karibu na maji nitaikata miye mwenyewe. Hakuna mutu atagusa mbele yangu. Mais Masoeur naye atoe kitu. Miye natoa miti, yeye atoe ufunguo."

"Ufunguo?" aliuliza Masoeur. "Nitabaki na nini?"

"Mvua ikinyesha, kijito inajaa, ku bati yako maji inamwangika bure. Ukamate ile. Ufunguo ikae kwangu, pampu ilale, kilima ikunywe. Kiangazi ikija, utashuka, nitakupa. Mais tutapima pamoja mbele ya kukupa."

Nimesoma vitabu vingi vya taaluma yetu, na sijaona mahali ambapo kanuni yake imewekwa wazi zaidi. Wakati maji ya juu ni mengi, tumia ya juu, na uache ardhi ijaze akiba yake. Maji ya juu yanapopungua, toa katika akiba, kwa kipimo, huku ukitazama anayeishi chini yako. Ni ghala moja lenye milango miwili. Nilichobaki kukifanya kilikuwa kazi ya ufundi, nayo niliifanya vizuri, nalisema bila haya. Tulifunga mifereji kwenye mabati ya maternité na matangi ya kupokea mvua. Tulijenga kizuizi kidogo katika kijito na kichujio cha mchanga, ambamo maji hupita polepole na kuacha uchafu wake juu. Ubavuni mwa kilima tulichimba mitaro ya kufuata kimo kimoja, ile ambayo wakulima huiita ya kuzuia udongo, ili mvua isimame na kuzama badala ya kukimbia. Kwenye mdomo wa chemchemi nilisimamisha kizingiti cha saruji chenye pengo la pembetatu. Maji yakipita katika pengo hilo, kimo chake kinakuonyesha débit bila ndoo wala saa. Nilipaka mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, pampu hupumzika na kufanya kazi kwa zamu, hata kama ni kiangazi.

Mama Kanyere alikata mti wa kwanza asubuhi iliyofuata, siku ya soko. Vijana waliokuwa wameapa kuvunja mabamba walisimama pembeni na mapanga yao, wakingoja aseme. Aliposema "Haya," waliingia kazini. Yale mawe waliyoyakusanya tuliyatumia katika msingi wa kizuizi cha kijito. Mbao zilijengea wanawe paa. Kwa kuwa mkaratusi huchipuka tena kutoka kisikini, aliagiza kwamba kila salongo ikate vichipukizi, na mahali pake wakaotesha matete na miti ya kienyeji isiyo na kiu.

Kiangazi kilichofuata, chemchemi ilipungua kama chemchemi zote zinavyopungua, na haikushuka chini ya mstari. Maternité haikufungwa siku hata moja. Mkuu wangu alijisifu kwa wakuu wake kwamba alisuluhisha mgogoro, nami nilimwachia. Baada ya shauri lile, katika ofisi yetu ukuta uliotenga maji ya juu na ya chini ulivunjwa, kwa nyundo, na mimi nikawa mkuu wa sehemu moja yenye mlango mmoja. Nilisimamia kazi hiyo hadi nilipostaafu.

Sasa nakaa Butembo. Vijana wanaonitembelea hunionyesha ramani kwenye simu, nami nawauliza: ulipima lini, kwa nini, ulishuka hadi wapi? Anayeweza kujibu namkaribisha chai. Asiyeweza namkaribisha pia, ila namrudisha bondeni.

Kuna majira fulani, mimi nikiwa nimekwisha kustaafu, hali ya usalama ilikuwa mbaya na ofisi haikutuma mtu Musienene kwa muda mrefu. Mvua zilikuwa zimekwisha, kiangazi kilikuwa kimeingia. Siku ya Dominika, baada ya misa, mfanyabiashara mmoja wa maharage alinishika mkono nje ya kanisa.

"Tata, ufurahi. Banasema kule Kyamaghetse ufunguo ulitoka kwa Mama Kanyere ukaenda kwa Masoeur, bila mutu wa État kuwaambia."

"Banasema?" nilimuuliza. "Wewe uliona?"

"Hapana, Tata. Nilisikia."

Njia ilipofunguka nilipanda huko, polepole, kwa fimbo. Pete ya mikaratusi haikuwapo. Katika chumba cha pampu mashine ilikuwa inaguna taratibu. Chini, kwenye kizingiti, Mama Kanyere alikuwa ameketi juu ya kisiki cha mti wa mume wake, amezeeka, macho yake yakiwa yale yale. Alinitazama nikiinama, nikisafisha majani kwenye pengo, nikingoja maji yatulie.

"Tata Ingénieur, umekuja kupima maji ao kutupima sisi?"

"Yote, Mama."

"Sasa?"

Maji yalikuwa yamepita mstari mwekundu, juu yake, kwa upana wa kidole changu. Niliuweka kidole hapo mara ya pili ili niwe na hakika.

"Ku Butembo utasema nini?" aliuliza. "Utasema banasema?"

"Hapana, Mama," nilimjibu. "Nitasema nimeona."